Mtego wa Fungo Nilioutega Kimyakimya

Katika dunia hii hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nilikuwa nasema hivyo tangu sijaota ndevu sawasawa, na sababu nilikuwa nazo. Nimekata mkonge miaka sita. Nimepanga foleni ya sabuni tangu alfajiri, nikafika dirishani nikaambiwa imekwisha, nikarudi nyumbani kufulia majani ya mpapai. Shule niliishia darasa la nne. Leo nina malori mawili ya kubeba machungwa, mashine ya kusaga, na nyumba ya vyumba saba, na hakuna mjomba wala shangazi aliyenishika mkono. Basi mwanangu, ninapokwambia jambo usinijibu kwa kupandisha mabega.

Nakwambia mapema kwamba nimekasirika. Juzi kijana mmoja wa hapa kwetu, jina namfichia kwa heshima ya mama yake, alinijia barazani na waya wa breki ya baiskeli mfukoni.

"Shikamoo mzee. Fungo wananimalizia kuku. Nataka kuanza kutega. Nianze na waya au nianze na sumu?"

"Marahaba. Majirani umewaambia?"

"Majirani wa nini, mzee? Shamba si langu?"

Damu ikanipanda mpaka masikioni. Nilimfukuza na waya wake. Alipokwisha kwenda nikakaa peke yangu, nikajua kwamba hasira ile nusu yake ilikuwa yangu mwenyewe, kwa sababu maneno yale niliwahi kuyasema mimi, kwa kiburi kilekile, na kwa mtu aliyenizidi umri kama ninavyomzidi yeye.

Ipo asubuhi moja haijanitoka kichwani hadi leo. Ilikuwa miaka ile shida ilipoanza kulegea. Tuliambiwa ruksa, kila mtu auze anachokiweza, na mitumba ikaanza kuonekana Muheza imetundikwa hadharani, vitu ambavyo mwaka uliotangulia ungevifungia uvunguni mwa kitanda. Mimi nikaona mbali. Niliona wenye hoteli za Tanga wanatafuta mayai hawayapati. Nikaacha mkonge, nikachukua shamba bondeni, upande wa njia ya kwenda Amani, nikanunua mitetea arobaini kwa mpigo. Bonde zima hapakuwa na mtu mwenye kuku arobaini. Watu walikuwa wakipita wanasimama kutazama, nami nilikuwa najifanya siwaoni.

Wiki mbili, kuku saba wakapotea. Nilikuwa nawahesabu jioni tu, nikirudi kutoka Muheza, kwa maana mchana wote nilikuwa sokoni natafuta wanunuzi. Mke wangu aliniambia, "Baba Zaina, mimi naona hawa wanapungua mchana."

"Mchana! Mnyama gani anaiba mchana? Wewe pika."

Nilimwambia hivyo, na leo naona haya kukwambia.

Jirani yangu wa karibu alikuwa Mzee Mhina, Mbondei, mkavu kama ufito, aliyekuwa akitega nguruwe mwitu kwa ajili ya mashamba ya bonde lile kabla mimi sijazaliwa. Alikuja bila kuitwa. Akalizunguka banda langu polepole, akabonyeza udongo kwa kidole gumba, akaniuliza, "Unamtuhumu nani?"

"Fungo, mzee. Nimemwona mara mbili pale kwenye mfenesi."

"Na choo chake umekiona?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba fungo ni mnyama mwenye utaratibu, hurudi kujisaidia pahali palepale siku zote, na chake kilikuwa chini ya ule mfenesi, kando ya kinjia cha kisimani. "Nenda kachokonoe kwa kijiti," akasema. "Alichokula utakikuta pale. Ukikuta manyoya ya kuku, umemkamata. Usipokuta, mwizi wako ni mwingine. Na siku ukitega, pita nyumba kwa nyumba uage."

Hapa nisimame kidogo nikueleze, maana nyinyi wa siku hizi hamkuikuta desturi hii. Mtegaji alikuwa hategi mpaka amepita nyumba zote ambazo watu wake wanaitumia njia ile. Anapiga hodi, anataja pahali penyewe, na mwenye nyumba anaacha kazi yake, anamsikiliza mpaka mwisho, kisha anajibu neno moja: "Tumesikia." Akishalipata neno hilo kila mlango, ndipo anakwenda kufunga jani kavu la mgomba pande zote mbili za njia, usawa wa kiuno, na kutega. Baada ya hapo anayekanyaga amejitakia. Kabla ya hapo, lolote litakalotokea ni la mtegaji.

"Hayo ni ya zamani, mzee," nikamwambia. "Shamba langu, kuku wangu, mtego wangu."

"Na mguu utakuwa wa nani?" akaniuliza, akashika njia yake.

Sasa sikiliza kwa nini sikuaga, na ukinicheka unicheke hapa. Kwanza, kuaga maana yake ni kusimama kwenye kila mlango na kukiri kwamba yule tajiri wa kuku arobaini anashindwa na mnyama wa porini. Ulimi uligoma. Pili, na hili ndilo linaloniudhi mpaka kesho, nilikuwa nawashuku majirani. Nilisema moyoni, kama ni fungo atanasa, na kama ni mtu, na anase. Nilisema hivyo kwa akili timamu, nimeshiba, mchana kweupe.

Mtego wenyewe niliupata kwa jamaa mmoja wa magendo aliyekuwa akipita njia za panya za Horohoro. Ulikuwa chuma chenye meno na springi mbili, cha kukamatia fisi, kizito kama mtoto wa mwaka mmoja. Nilikwenda nao chini ya mfenesi jioni, jua halijazama. Nikaufukia kwa majani kandokando ya choo cha fungo, nikatia chambo kipande cha papa mkavu, nikarudi nyumbani napiga mluzi. Kuchokonoa kwa kijiti sikuchokonoa. Ningeonekanaje, mtu mzima nimeinamia kinyesi?

Asubuhi jua limekwisha toka, nakunywa uji, wagema wawili waliokuwa wakienda kwenye minazi yao wakaniita kutoka ng'ambo ya shamba.

"Athumani! Mtego wako umekamata!"

Nilifurahi, mwanangu. Nilichukua panga na gunia, nikamwita mke wangu kwa sauti ya watu wote wasikie, "Njoo umwone mla kuku wako wa mchana!" Nikatangulia mbele kama bwana harusi.

Chini ya mfenesi alikuwa ameketi Mzee Mhina. Mgongo ameuegemeza kwenye shina, mguu wa kulia umo ndani ya chuma, damu imeganda kwenye vidole. Mkononi ameshika jani la mgomba alilolikunja. Mdomo wangu ukafanya kile ulichozoea kufanya mbele ya mzee.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Umenasa, Athumani. Panga unalo. Chinja basi."

Nikatupa panga na gunia. Wagema walikuwa wamekwisha piga magoti, wanatafuta jinsi ya kukifungua kile chuma, na yeye anawaambia wangoje kwanza. Akalikunjua jani lake. Ndani yake kulikuwa na kinyesi cha fungo.

"Nilijua kusoma hapa huwezi, una haya," akasema. "Nikadamka nikuokotee nikuletee mpaka mlangoni. Haya tazama. Mbegu za mapera. Magamba ya jongoo. Mbegu za mapera tena. Unyoya uko wapi? Nionyeshe hata mmoja, nami nitaondoka hapa bila kulalamika."

Jasho lilikuwa linamtiririka usoni na sauti haikutetemeka.  Yule mtu aliingia kwenye meno yangu kwa sababu alinihurumia.

Wagema walikata mti wa mpera, wakaupachika kwenye springi, wakakanyaga, meno yakaachia. Hapo ndipo alipopiga ukelele, mara moja tu. Tulimpakia kwenye baiskeli yangu, mimi nasukuma, wao wanamshikilia huku na huku, na kila tukipita shimo ananigombeza, "Polepole, we! Mimi si gunia la machungwa!" Barabarani tuliomba lori. Mfupa wa juu ya kifundo ulikuwa umevunjika vipande viwili. Na miaka ile plasta ya kufungia mfupa ilikuwa haipatikani kirahisi kama leo. Daktari aliniandikia kwenye karatasi, nikashuka Tanga kuitafuta duka hadi duka, nikaipata siku ya pili kwa mfanyabiashara aliyenitajia bei huku anatazama pembeni. Nilimpa alichotaka. Kila saa niliyochelewa, mguu ulikuwa unavimba, na nilikwisha ambiwa kwamba ukizidi kuvimba watamkata.

Hawakumkata. Alhamdulillahi.

Niliporudi nyumbani mke wangu alikuwa ananingoja mlangoni. Hakunipa pole. "Njoo," akasema, akanipeleka nyuma ya banda, akanionyesha tundu chini ya viota, pana kama kiganja changu. "Jana nilikaa hapa na kazi yangu ya ukili. Saa nne asubuhi akaja nguchiro. Alipita mbele yangu kama mwenye nyumba, akaingia, akatoka na mtetea. Saa nne ya mchana, Baba Zaina."

Nikainama kutafuta jiwe. 

Wazee wa bonde walikaa. Nilikwenda nimejiandaa kupelekwa polisi, na wengine walitaka hivyo. Mzee Mhina aliletwa amebebwa kwenye kiti. Akasema, "Polisi hawanitibu mguu. Mnilimie shamba langu msimu huu, gharama zake yeye. Na apite nyumba zote alizokataa kuziaga. Aseme mwenyewe kwa mdomo wake."

Nyumba kumi na tisa. Nilipiga hodi kila moja nikasema, "Nilitega njia ya kisimani bila kuaga, nimemvunja Mzee Mhina mguu." Hakuna aliyenijibu "tumesikia." Waliniangalia, wakarudi kwenye kazi zao. Nyumba ya kumi na tano ilikuwa ya Bi Mwanakombo, mwanamke mtu mzima aliyekuwa akilea wajukuu watatu. Alikuwa anatwanga. Aliuegemeza mchi ukutani, akaninyooshea kidole.

"Wale wanapita pale kila siku kuchota maji. Wewe unajua mguu wa mtoto una unene gani?"

Akaingia ndani akafunga mlango. Ningetukanwa na bonde zima kuanzia babu hadi mjukuu nisingeumia kama nilivyoumia pale mlangoni. Mimi nisiyeshangazwa na kitu nilisimama nimeduwaa kama niliyepigwa na radi, nikijiuliza ni mtu gani aliyesema moyoni, "na anase."

Mzee Mhina aliishi miaka mingi baada ya hapo, anachechemea. Plasta ilipotoka alinifundisha kutega upya, ameketi kwenye kigoda chake, ananielekeza kwa fimbo na kunitukana kila nilipokosea. Na hayo aliyonifundisha ndiyo ninayokupa wewe, na ukiyatupa shauri yako.

Ukitaka kuanza kutega, mwanangu, anzia bandani. Ziba matundu yote kwanza, uone kama bado unaibiwa. Wengi mtaishia hapo. Usipoishia hapo, kaa uchunguze ni nani anayekuja, na saa ngapi. Msikilize aliyeshinda nyumbani, kwa sababu wewe hukuwepo. Soma nyayo, soma kinyesi, uache haya. Fungo ni mnyama wa serikali, kwa hiyo nenda ofisi ya kijiji na kwa bwana wanyamapori, upate ruhusa kabla hujagusa msumari. Kisha tengeneza sanduku la mbao lenye mlango wa kudondoka, liwe refu la kumtosha mkia na yote, tandaza udongo chini asione mbao, weka ndizi mbivu mwisho kabisa. Chuma chenye meno usikiguse. Sumu usiitaje mbele yangu, kwa maana sumu haichagui: inaua mbwa wa jirani, inaua kunguru, na mtoto huokota chochote. Kukipambazuka, kabla ya chai, nenda ukatazame mtego wako, na ulichokikamata usikiache juani kikiteseka. Na kabla ya yote hayo, piga hodi nyumba kwa nyumba. Hata kama desturi imekufa, ifufue wewe. Hata wakikucheka. Simama mpaka wakujibu.

Mungu akupe mikono yenye kazi na masikio yanayosikia kwa wakati. Akulinde na chuki ya jirani, na amlinde jirani na chuki yako. Kuku wako wazae, na watoto wa bonde zima wapite njia zako wakienda kisimani na kurudi salama. Amina.

Lile tundu la nguchiro nililiziba kwa jiwe moja nililoliokota palepale nyuma ya banda. Plasta, nauli za malori, kitanda cha hospitali, na vibarua wa kulima na kuvuna shamba la Mzee Mhina msimu mzima nilivilipa kwa kuuza kuku wote waliobaki na baiskeli yangu, na havikutosha, nikarudi kukata mkonge miezi mitano. Jumla yake ilikuwa shilingi elfu kumi na moja, mia sita na arobaini.