Siku ya Doti Mashini Ilipokataa Kuwaka

Ukitaja neno "mashini" nyumbani kwetu Keshero, utaona watu wanainama wakijizuia kucheka, halafu macho yote yananigeukia mimi, kwa hiyo afadhali niwasimulie mwenyewe kuliko muende kusikia kwa shangazi, maana yeye anaongeza chumvi, na mwisho wa masimulizi yake mimi natoroka kwa kuruka ukuta, jambo ambalo si kweli (niliwaza kuuruka, lakini sikuuruka). Aibu niliyopata siku hiyo inatosha ilivyo, haihitaji kuongezewa kitu.

Dada yangu Masika alikuwa amechumbiwa na kijana wa Rutshuru anayeitwa Innocent, walijuana hapa Goma wakiwa wanafunzi, na sisi sote tulimpenda isipokuwa baba, ambaye alikuwa hajawahi kumwona. Vita vilipofika kwao, Innocent akavuka mpaka na mama yake, wakaingia kambi ya wakimbizi huko Uganda, na baba yake mdogo, Papa Anselme, akakimbilia upande huu pamoja na wengine mpaka Kanyaruchinya, akawa anaishi kwenye hema na watoto wake. Barabara zikafungwa. Basi ikaonekana kwamba siku ya doti, yaani siku ya kuleta mahari, Papa Anselme atasimama kwa niaba ya kijana, na kijana mwenyewe ataonekana kwa video kwenye kompyuta yangu ndogo, ambayo sisi huku tunaiita mashini tu.

Baba ni mfanyabiashara wa Butembo, anaamini kitu alichokishika mkononi, na hakuifurahia hata kidogo habari hii ya video. Alikubali kwa sharti moja, akalitamka mbele ya ukoo wote.

"Mimi sitatoa mutoto wangu kwa mutu wa kusikia sauti tu. Nikiona uso yake, nikimuuliza swali moja na akinijibu, tunaendelea. Nisipoona uso, batu warudi kwao na hakuna doti."

Masika akanifuata nyuma ya jikoni. "Yaya," akaniambia (ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa), "ile mashini yako inafanya kazi?"

"Inafanya muzuri sana," nikamjibu, na mashini yenyewe sikuwa nimeifungua kwa wiki kadhaa. Ningefanya nini? Ukoo mzima unajua nilisoma informatique, elimu ya kompyuta. Kwamba sikumaliza, hilo huwa silitangazi.

Siku ikafika. Tulitandaza bâche, yaani turubai, juu ya ua ili watu wapate kivuli, viti vikaazimwa parokiani, na Papa Anselme akaja na wazee wenzake kutoka Kanyaruchinya, amevaa koti la kijivu lililomzidi mabega, mikono imeingia ndani mpaka vidole havionekani. Baba aliagiza simu zote zizimwe na ziwekwe kwenye kikapu, maana hapendi mtu aongee na huku mwenzake anasoma ujumbe. Yangu peke yake ilisamehewa kwa sababu ndiyo ingeipa mashini réseau, yaani mtandao, nami nikaipandisha juu ya ukuta wa mawe kule nyuma, mahali réseau inashika vizuri, nikaiacha huko bila sauti. Ile programu ya kupigia video nilikuwa nimeshaipanga zamani ijifungue yenyewe mashini ikiwaka. Kila kitu kilikuwa tayari, na mimi nilikuwa nimevaa tai.

Hotuba zikapita, sucré, yaani soda, zikagawanywa, mwisho msemaji wetu akasema sasa tumwone kijana. Nikaiweka mashini kwenye meza yenye kitambaa cheupe, nikaifungua taratibu kama padri anavyofungua misale, nikabonyeza kitufe.

Nyeusi.

Nikabonyeza tena, nyeusi. Lakini taa ndogo ya bluu ubavuni ilikuwa inawaka, na nikisogeza sikio nasikia feni inavuma ndani, yaani mashini ni nzima, inapumua, ila uso wake umekataa, na hapo ndipo akili yangu ilipoanza kuzunguka, kwa sababu mashini iliyokufa naielewa na mashini nzima naielewa, lakini hii ya katikati sikuwahi kufundishwa (au ilifundishwa mwaka nisioumaliza).

"Ile taa inamaanisha nini?" baba akauliza.

"Inamaanisha iko inajitayarisha, Papa."

Tukangoja ijitayarishe. Nikachomoa waya wa umeme, nikauchomeka tena. Nikaigeuza, nikatoa betri, nikaifuta kwenye suruali yangu ya suti, nikaipuliza, nikairudisha, nikawasha upya. Mjomba mmoja akasema pengine ni baridi, iwekwe juani, tukaihamisha meza mpaka juani, na huko juani ikazidi kuwa nyeusi mpaka nikaona ndani yake uso wangu mwenyewe ukitoka jasho. Shangazi akasema ipigwe kidogo ubavuni. Niliipiga. Halafu, kwa kukosa la kufanya, nikaanza kubonyeza vitufe vyote, kutoka kushoto mpaka kulia, vikubwa na vidogo, haraka haraka, nikikunja uso ili ionekane ni jambo la kitaalamu.

Ndipo Papa Anselme akanisogelea, akaniambia kwa sauti ya chini, ya mtu asiyetaka kunifedhehesha, "Mutoto yangu, tumia tu simu. Hata kama ni kadogo, tutamuona."

Hapa, ndugu zangu, ndipo nilipoharibu. Ningechukua simu ukutani, mambo yangeisha. Lakini niliwaza: mimi, mtu wa informatique, na tai shingoni, nizungushe kasimu kwa wazee mmoja mmoja kama muuza karanga? Nikainuka, nikajinyoosha, nikasema kwa sauti ua mzima usikie:

"Mashini iko bien kabisa. Shida iko kule Uganda. Ni Innocent mwenyewe hajaji-connecter. Pengine hajaamka."

Jua lilikuwa utosini.

"Innocent?" Papa Anselme akasema. "Alale? Siku ya leo?" Akanitazama, kisha akaitazama mashini, kisha akarudi kwenye kiti chake polepole na mikono yake ndani ya koti. Wazee wa Kanyaruchinya wakaanza kunong'ona. Baba hakuinua hata sauti. Alisema tu, "Naona. Batu wamalizie sucré zao, kisha tuagane kwa amani."

Nikaikumbatia mashini, nikakimbilia chumba cha nyuma. Sasa, chumba hicho ndicho tulichomficha Masika, kwa sababu kwetu siku ya doti msichana hatokei hivi hivi, anafichwa na wenzake, kisha wanaletwa wote wamefunikwa vitenge na mume anatakiwa amtambue wake. Dirisha lilikuwa limezibwa na blanketi ili watu wasichungulie, na ndani wale wasichana walikuwa wamevua vitenge kwa joto, wanakula mandazi. Masika hakuwa anakula. Ukuta wa nyumba yetu ni wa mbao, alikuwa amesikia kila neno.

"Yaya, umesema amelala?"

Niliitupa mashini kitandani ikiwa bado wazi, ikatazama upande wao, mimi nikabaki nyuma yake nikitembea huku na huku. Hasira ilinipanda, na hasira ya mtu mwenye kosa mnaijua, inatafuta mwingine wa kumwangukia. Nikasema yote. Nikasema kwani mimi ndiye naoa? Nikasema mtu gani anachumbia kwa waya? Nikasema na yule baba mdogo wake naye anajifanya kunipa mashauri, na hata lile koti alilovaa si lake, ameliazima, kila mtu anaona.

Masika alianza kulia. Alikuwa ameinamisha uso kitandani, karibu kabisa na mashini, na katikati ya kilio akanyamaza ghafla.

"Yaya," akasema. "Humu ndani muko mutu."

"Wapi?"

"Ndani ya mashini. Muko mutu. Iko inapunga mukono."

Nikainama. Na kweli, katika giza la kile chumba, ndani ya ule weusi, palikuwa na kivuli cha mtu aliyevaa shati jeupe, anafungua mdomo na kuufunga, anapunga mikono yote miwili, na nyuma yake kivuli cha mama mzee amejishika kichwa. Wasichana wakapiga kelele, vitenge vikaruka, mandazi yakamwagika. Mimi nilisimama tu. Nilikuwa natazama mtu ambaye nimetangaza amelala, naye ananitazama, na bado kichwani sikuelewa ameingiaje.

Halafu nikakumbuka. Zile wiki mbaya, wakati watu wenye silaha walipokuwa wakizunguka mtaani usiku na hakuna aliyejua ni wa nani, sote tulikuwa tunajificha mwanga, kwa sababu nyumba za mbao zinavuja mwanga kila upenyo, na mwenye kuonyesha mwanga anaonyesha kwamba ana kitu cha kuibiwa. Ndiyo maana niliuteremsha mwanga wa mashini mpaka mwisho kabisa, na sauti nikaikata, nikaifunga, nikaificha. Mashini ilikuwa inawaka tangu mwanzo. Nilipobonyeza vile vitufe vyote ndipo nilipompokea Innocent aliyekuwa anapiga. Tangu hapo alikuwa anatuona na kutusikia sisi sote, naye anatuita humo ndani bila sauti.

Nikapandisha mwanga, uso ukatokea. Nikafungua sauti.

"...yaya, yaya, yaya," Innocent alikuwa anasema, sauti imekauka. "Nawaita tangu kule inje. Nimepiga na kwa simu, hakuna mwenye kupokea."

Masika ndiye aliyetoka mbio kumwita baba, kichwa wazi, hana kitenge, desturi yote ikaishia hapo. Baba akaja, na nyuma yake Papa Anselme, na nyuma yao kila aliyeweza kuenea mlangoni. Baba akakaa kitandani, akavaa miwani, akautazama ule uso muda mrefu.

"Wewe ndiye Innocent?"

"Ndiyo, Papa."

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa hapa, Papa. Niliona bâche, niliona pua ya yaya karibu sana, kisha nikaona chumba. Nimesikia yote."

"Yote?"

"Yote, Papa." Akasita. "Na ile ya koti."

"Ya koti gani?" Papa Anselme akauliza mlangoni.

Shangazi alianza kuokota mandazi. Nilitamani sakafu ipasuke, nami nikajikuta nasema mwenyewe, kwa sauti ambayo sikuijua, kwamba nilisema koti lake ni la kuazima, na kwamba mashini haikuwa na shida Uganda, shida ilikuwa mimi.

Papa Anselme akakitazama kitambaa cha koti. "Ni ya kuazima, ndiyo," akasema. "Yangu ilibaki Rutshuru, ndani ya nyumba." Ningependa angenitukana.

Baba alivua miwani. Tulijua alikuwa na swali lake moja, alilitayarisha tangu wiki iliyopita, hata mama hakuambiwa ni lipi. Lakini nadhani alilibadilisha pale pale.

"Mutoto wangu amekusingizia mbele ya batu. Amezarau muzee wenu. Wewe unasikia. Sababu gani hukukata ile video?"

Innocent akatazama pembeni, mama yake akamgusa bega.

"Papa, ningekata, batu yetu wangerudi Kanyaruchinya na aibu, na Masika angebaki anajua kweli nililala. Nilisema moyoni, mwisho hata mutu mumoja ataniangalia tu. Nikangoja."

Baba akafuta miwani kwa ncha ya shati, akaifuta tena, akairudisha machoni.

"Mutu anatukanwa nyumbani kwangu na hakati," akasema, "huyu ataweza kuishi na sisi. Muwarudishe wageni kwa viti. Tunaendelea." Halafu akanigeukia mimi. "Na sisi tumekosa. Upande wa musichana ndio unalipa amende leo. Mbuzi mumoja, na wewe ndiye utampeleka kwa miguu."

Ndivyo ilivyokuwa. Upande wa mwanamke kulipa faini siku ya kupokea mahari, wazee walisema hawajawahi kuliona, na mimi ndiye niliyeliingiza katika ukoo wetu.

Masika siku hizi yuko kwa mumewe, wana mtoto. Mimi nilimburuta yule mbuzi mpaka Kanyaruchinya, watu wa barabarani wakicheka viatu vyangu vya suti, nikamkabidhi Papa Anselme mbele ya hema lake na kuomba msamaha kwa magoti. Akanipokea vizuri, akanipa kiti, yeye akakaa juu ya bidon, dumu la maji. Kisha akaingia hemani, akatoka na radio ndogo iliyofungwa kwa raba, akaniwekea mapajani.

"Yaya wa Masika, wewe ulisoma hizi vitu. Haisemi tangu mvua ya juzi. Angalia."

Niliigeuza. Watoto wakasogea kuona. Kidole changu kilikuwa kimeshaanza kutafuta mahali pa kubonyeza.

"Papa," nikamwambia, "mimi sijui radio. Sijui hata kidogo."

Alinitazama, akacheka mpaka akashika mbavu, akaichukua radio yake, akasema, "Basi sasa tunaweza kula."