Malengo ya Darasa la Nne

Mwalimu Martina alikuwa na mdomo. Hata padri akimwona anakuja, hukumbuka ghafla ana shughuli kwingine. Alipandishwa milimani Mgeta kutoka kwao Bigwa juu ya lori lililofuata kabichi, akaapa kukaa mwaka mmoja tu. Wapi! Baridi ikamzoea, naye akawazoea wenye baridi yao.

Kilichomchosha ni insha. Kila mtoto wa darasa la nne aliandika kwamba ng'ombe ni mnyama wa kufugwa, ana miguu minne. Kwa miteremko ile, huyo ng'ombe angesimama wapi? Siku moja akaweka chaki chini, akawaambia amechoka kusoma upuuzi. Kila mmoja aseme mwenyewe anataka uandishi wake uwe vipi ifikapo likizo, na yeye atamdai hilo hilo, kisha malengo yatabandikwa ukutani. Wakamwangalia kama mtu aliyelewa, halafu wakaanza. Judith alitaka bibi yake asisinzie kabla insha haijaisha. Jastin alitaka kumaliza hadithi bila kuua mtu, maana zake zote ziliishia makaburini. Pendo, mtoto mkimya, akaomba akafikirie nyumbani.

Habari zikamfikia Bwana Anselmi, mwenyekiti wa kamati ya shule, mjomba wake Pendo na ndiye anayemlea. Akawaka. Watoto wajipangie kazi, mwalimu anakula mshahara wa nini? Akaitisha wazazi, na kila mtu alijua anachotaka: Martina anyang'anywe darasa la nne, apelekwe la awali akapige makofi na kuimba. Martina alijitia hajali. Uongo mtupu. Alilipenda darasa lile.

Kwenye kikao Anselmi alisema mpaka watu wakapiga miayo. Mwishowe akamwinua Pendo, wazazi wajionee kwamba hakuna anachojifunza, akamtaka ataje hilo lengo lake.

Pendo akawaamkia wakubwa, kisha akasema taratibu, "Mjomba, insha zangu zinaanza vizuri, halafu huko mbele nabahatisha. Nataka ziwe nzuri mpaka chini. Zisiwe kama matenga yetu ya nyanya, yale tunayopanga nzuri juu tu."

Wote mle ndani walikuwa wapakiaji wa matenga, na kila mmoja alijua alichofunika chini ya zile nyekundu. Hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kucheka. Kisha mama mmoja wa nyuma akashindwa kujizuia, na kikao kizima kikamfuata.

Anselmi alingoja watulie, akamuuliza Martina kama ndiye aliyemfundisha mtoto maneno hayo. Martina akajibu kwamba angeyajulia wapi. Miaka yote ananunua nyanya za hapa, na alidhani zile za chini huminywa na safari. Mama yule wa nyuma akaanza kucheka upya.

Anselmi akajipangusa uso. Swali aliuliza mwenyewe, na jibu alilipata.

"Mwalimu abaki na darasa lake," akasema. "Ila hilo lengo lisibandikwe. Madereva wa Dar wanaopakia nyanya zetu huja kuchota maji hapa."

Pendo akafikiri kidogo.

"Basi tulibandike chini kabisa, mjomba," akasema. "Juu tuweke yale mazuri."