Bunduki ya Marehemu Reino

Kwa miaka yote aliyofanya kazi ya wilaya, Waino Kangas alipita mbele ya nyumba zetu zote na hakuingia hata moja. Aliendesha lori la kusukuma theluji. Tulipoamka, beleshi lake la chuma lilikuwa limeshapita, barabara iko wazi, na kando yake kuta mbili nyeupe zimelala kama ng'ombe. Hatukumfikiria. Yeye alitujua kwa masanduku yetu ya barua: la Eugene Trevarrow limeinama, la Signe Perala limepakwa rangi ya buluu, la Reino Ahola limefungwa kwa waya kwa sababu mwaka mmoja beleshi liliwahi kuligonga, na Waino mwenyewe alishuka akalifunga bila kubisha mlango.

Alipostaafu hakuwa na mke wala mtoto. Nduguye, ambaye walikuwa wakiwinda kulungu pamoja, alikuwa amehamia kusini, kule kusikoanguka theluji. Jirani alimshauri afuge mbwa. Hakufuga. Jumanne moja ya Novemba alisukuma mlango wa kibanda chetu cha shabaha, akasimama kwenye mkeka akipangusa buti kwa muda mrefu kuliko buti zenyewe zilivyohitaji.

"Ingia bwana, unatuingizia baridi," Trevarrow alimwambia.

"Kila Jumanne nilipokuwa napita," Waino alisema, "nilikuwa naona taa."

Hayo ndiyo yote aliyotueleza.

Sisi hupiga shabaha tukiwa ndani, karibu na jiko la kuni, kupitia vidirisha vidogo vinavyotazama theluji. Karatasi zimesimama huko nje, kila moja na nukta zake nyeusi, na kando yake vibendera vya kuonyesha upepo. Bunduki ni zile za risasi ndogo ambazo kila nyumba hapa inayo ya kuwafunzia watoto. Hatugombei pesa. Mshindi wa msimu hupata paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi, na kwa kuwa tunapiga wawiliwawili, hulikata katikati kwa msumeno.

Mgeni hupewa dirisha la mwisho na bunduki ya chama. Alama zake haziandikwi. Mwaka mpya ukiingia, akitaka kushindana, aje na bunduki yake, na apate mwenzake. Majira yale hesabu yetu ilikuwa imebaki witiri, mmoja hana mwenzake, tangu Reino Ahola alipofariki. Mwenzake Reino alikuwa Signe, mpishi mstaafu wa nyumba ya wazee. Walikuwa wamekaa ubavu kwa ubavu kwenye dirisha la tatu tangu wote wawili wana nywele nyeusi. Hawakuwa wapenzi; watu waliulizana hilo, wakachoka kuulizana. Baada ya mazishi Signe hakutaka mtu. Alipiga pamoja na kiti kitupu, na kwa kanuni yetu kiti kitupu hupewa alama za wastani za chumba kizima, kwa hiyo hakishindi wala hakishiki mkia.

Alichokitaka Waino kilikuwa kile kiti. Hakusema, lakini mtu aliyekaa peke yake hutazama kiti namna ambayo wengine huona.

Krismasi ilipokaribia alikwenda dukani. Duka la silaha na vifaa vya kuvulia samaki lilikuwa limenunuliwa kiangazi na mtu aitwaye Curtis, aliyetoka kusini mwa jimbo, mwenye ndevu zilizonyolewa kwa mstari na maneno mengi.

"Una kiasi gani, mzee wangu?"

Waino alimtajia.

"Hapo tutaelewana. Sasa nisikilize. Wanaoanza wote wanakosea palepale. Wanamaliza pesa yote kwenye bunduki, halafu juu yake wanabandika darubini ya takataka. Huku kwenye shabaha hutafuti kumwangusha mnyama, unatafuta risasi zote zipite tundu moja. Pesa igawe. Nusu mtutu, nusu jicho."

Akamwekea mezani bunduki mpya yenye kitako cha plastiki, nyepesi kama ufagio, na darubini ya bei ya chini.

"Hii si nzuri, nisikudanganye. Lakini haitakuaibisha."

Waino aliishika, akairudisha. Ukutani, nyuma ya Curtis, palikuwa na nyingine: nzito, mtutu mnene, kitako cha mti wa jozi, na mahali pa kuegemeza shavu pameshonewa kitambaa cha sufu chekundu chenye miraba myeusi.

"Na ile?"

"Ile ndiyo ajabu yangu. Nimeikuta humu nilipolinunua duka. Ya marehemu fulani, binti yake yuko Arizona, anataka iuzwe tu. Nimeshusha bei mpaka naona haya. Wale jamaa zako wa Jumanne wanakuja hapa, wananunua risasi, wanaitazama, wanaondoka. Wala hawaigusi."

Waino aliona ni kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na yake.

"Na cheki darubini," Curtis aliendelea. "Ina pete hapa mbele. Unaizungusha mpaka ule msalaba wa kulengea utulie juu ya karatasi. Hata ukitikisa kichwa, hautembei. Zile za kuwindia hazina kitu hicho. Hii ni ya mtu aliyejua anachofanya, na unaipata kwa bei ya ufagio. Mimi ningekuwa wewe nisingeuliza mara mbili."

Hakuuliza mara mbili. Hata mara moja hakuuliza: marehemu gani?

Sisi tulijua. Kila tulipoingia dukani tuliiona pale, na kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kutoinunua, na sababu zote zilikuwa moja. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuweka shavu pale.

Jumanne ya kwanza ya mwaka Waino alikuja na bunduki ile, akaweka begi mezani, akalifungua. Kuni zilisikika zikijigeuza ndani ya jiko.

"Hiyo umeitoa wapi?" Trevarrow aliuliza.

"Dukani. Kwa Curtis." Waino alitutazama mmoja mmoja. "Ilikuwa na bei nzuri."

"Bei yake tunaijua."

Nilimwona uso ukimbadilika alipoelewa, akaanza kulifunga tena begi. Lakini Signe alikuwa ameshasimama. Alikuja, akaweka kiganja juu ya kile kitambaa chekundu, kwenye mishono ambayo yeye mwenyewe aliishona kutoka koti kuukuu la Reino, akakiacha hapo kidogo.

"Dirisha la tatu," alisema. "Lete."

Hivyo Waino akapata kiti. Yeye na Signe walianza kushinda. Bunduki ile ilikuwa nzuri, na mtu aliyezoea kukaa peke yake gizani akitazama mbele ana subira ambayo shabaha inaipenda. Trevarrow alipiga meza kwa ngumi: "Reino amerudi, jamani!" Utani huo ulitua, ukakaa. Tulimpa kahawa katika kikombe cha Reino. Tulimkatia mkate wa iliki upande wa ukoko, kwa kuwa Reino alipenda ukoko.

"Haya, Reino, wiki hii unatuachia hata moja?"

"Mwacheni, ana hasira, mnajua alivyo."

Waino alicheka nao. Hakuna aliyemuuliza anapenda upande gani wa mkate.

Jioni moja alijaribu kutusimulia. Alisema kwamba mwaka wa dhoruba kubwa lori lilimkwama karibu na daraja, akakaa ndani yake mpaka kukacha, na redio ikawa inasema na watu wote isipokuwa yeye. Alikuwa bado hajafika mwisho.

"Reino naye aliwahi kukwama pale pale!" Trevarrow alidakia. "Mnakumbuka? Na ile chupa yake?"

Wakakumbuka. Wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Waino alinyanyua kikombe, akanywa kahawa ambayo nadhani ilikuwa imekwisha.

Nilikaa dirisha la nne, kwa hiyo yaliyofuata niliyasikia. Ilikuwa Februari, upepo unacheza. Waino alingoja. Aliacha kibendera kianguke, kiinuke, kianguke tena, wakati sisi wengine tulikuwa tumeshapoteza risasi zetu kwenye theluji. Halafu akapiga zote kwa mfuatano mmoja mtulivu, na karatasi ilipoletwa matundu yalikuwa yameungana kuwa tundu moja. Hakuna aliyewahi kumfundisha kungoja vile. Ilikuwa ni yake, aliitoa barabarani.

Signe aliishika ile karatasi kwenye mwanga.

"Yuleyule," alisema polepole. "Yuleyule kabisa."

Hakuwa akimtazama Waino. Alikuwa akiitazama bunduki.

Tulipotoka kwenda kwenye magari, Waino alimfuata mpaka kwenye gari lake na begi mkononi.

"Chukua."

"Nichukue ya nini?"

"Si yangu hii, mama."

"Umeinunua."

"Nimeinunua. Si yangu."

Signe alifungua mlango wa gari, akaufunga tena. "Tumebakiza Jumanne chache, Waino. Tunaongoza. Ukiiondoa hiyo tutashindwa."

"Tukishindwa," Waino alisema, "tutakuwa tumeshindwa sisi."

"Sisi nani?" alisema kwa ukali uliotufanya tuliokuwa mbali tugeuke. "Mimi nilikuwa nimeanza kuzoea. Nikifumba macho, mlio ni uleule upande wangu wa kulia. Unajua ni kitu gani, kusikia mlio uleule?"

"Najua," Waino alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nikiupiga."

Aliliweka begi kwenye kiti cha nyuma, akaenda zake. Alitembea katikati ya barabara, palipoondolewa theluji, kama mtu aliyeijua barabara ile kuliko kando zake.

Curtis ndiye aliyetuambia mengine. Waino alirudi dukani akataka ile ya plastiki. Darubini hakununua, pesa haikutosha. Alifungua ile iliyokuwa juu ya bunduki yake ya kulungu, akaifunga juu ya ufagio.

"Nilimwambia hiyo haifai, ni ya mbali," Curtis alisema. "Akasema ni yake."

Jumanne iliyofuata Signe hakuja. Waino alikaa dirisha la tatu na kiti kitupu ubavuni. Hakuna aliyemwita Reino. Kwa kweli hatukujua tumwite nani. Tulimpa kahawa katika kikombe cha karatasi. Alipiga vibaya. Risasi moja juu, nyingine kulia, na zote alizipiga kwa subira ileile. Kwetu sisi, mtu hasemi lolote juu ya bunduki ya mwenzake mpaka aulizwe, na Waino hakuwa mtu wa kuuliza. Tulinyamaza kwa adabu, naye akakosa kwa adabu. Kiti kitupu kilimshinda.

Wiki iliyofuata Signe alikuja amechelewa, na theluji mabegani. Bunduki ya Reino hakuileta, na hakuna aliyethubutu kuuliza iko wapi. Alikaa kwenye kiti chake, akapiga zamu yake kwa bunduki yake, halafu akageuka akatazama Waino akipiga. Moja. Ya pili. Ya pili ilitoka kabisa nje ya nukta.

Waino alishusha bunduki. Alikaa akiitazama. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Niangalizie," alisema.

Nadhani ni neno gumu kuliko yote aliyowahi kuyasema ndani ya kile kibanda.

Signe alisogea, akainama kwenye darubini, akatikisa kichwa kidogo huku na huku kama kuku.

"Huu msalaba wako unatembea," alisema. "Nikisogea, unasogea. Hii ya kulungu, bwana. Karatasi yetu iko karibu mno kwake."

"Kwa hiyo haifai."

"Sijasema haifai. Nimesema inatembea. Wewe usitembee, basi. Weka shavu mahali palepale kila mara, hata unywele usihame, nayo itatulia."

"Mahali gani?"

"Mimi nitajuaje?" alisema Signe. "Shavu ni lako."

Trevarrow alicheka, akajizuia. Signe alipitisha kidole juu ya ile plastiki, akaguna.

"Shavu linateleza hapa, ndiyo maana. Patafute kwanza mahali pake nyumbani, utie alama. Halafu lete kitambaa. Kuukuu, cha kwako. Cha dukani sitaki, kipya nacho kinateleza."

"Cha kwangu sina."

"Hukuwahi kuvaa nguo?"

Hatukuwaona wakishinda. Paja la nguruwe lilikwenda kwa Trevarrow na shemeji yake. Signe hakumwambia Waino kama mwaka ujao watakaa pamoja.

Waino alinieleza mwenyewe, siku nyingi baadaye, alivyoamka asubuhi iliyofuata ile Jumanne Signe alipomwangalizia. Alikaa mezani jikoni, bunduki juu ya mfuko wa unga, mtutu umeelekea dirishani, haina risasi. Alifumba macho, akalaza shavu, akafumbua. Msalaba haukuwa katikati. Akarudia. Nje lori la wilaya lilipita, linaendeshwa na mtu asiyemjua, beleshi likikwaruza juu mno upande wa kushoto, alisikia. Akarudia tena, mara nyingi, mpaka ikafika mara aliyofumbua macho na msalaba ukawa pale unamngoja. Hakuinua kichwa. Alipapasa penseli, akapiga mstari kwenye plastiki, chini ya mfupa wa shavu.

Halafu alikwenda nyuma ya mlango, kulikoning'inia koti lake la kazi tangu siku aliyolivua, la rangi ya chungwa, limepauka mabegani, lina mikanda inayong'aa taa ikiipiga. Alilishusha, akalitandaza juu ya meza, mikono huku na huku, akalitazama kitambo. Kisha akachukua mkasi, akaanza na upande wa bega la kushoto, lile lililokaa kando ya dirisha la lori miaka yote.