Mtoto Aliyefichwa kwa Jirani

Kabla sijawa mzee wa kanisa nilikuwa muuguzi msaidizi katika hospitali ya misheni, kwetu Masisi, milimani. Kwa kazi ile namshukuru Mungu hadi leo, ingawa siku moja nusura niue mtoto kwa mkono wangu mwenyewe.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini, wakati watu walipokuwa wakichanjwa ndui kijiji kwa kijiji. Wiki chache kabla hatujatumwa upande wa Walikale, msituni, mtoto wa kiume wa miezi mitano alitufia wodini. Kidonda cha chanjo, ambacho kwa wengine hukauka na kuacha kovu, kwake kilikuwa kimetambaa kutoka begani hadi shingoni. Hakikuwa na usaha wala wekundu, kana kwamba mwili haukujua kwamba umevamiwa.

Dokta wetu, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, aliinua picha ya kifua cha yule marehemu mbele ya dirisha, na pembeni yake picha ya mtoto mzima.

“Angalia juu ya moyo,” alisema. Kwa mtoto mzima palikuwa na kivuli kipana. Kwa marehemu hapakuwa na kitu.

Nilikijua kile kivuli bila kujua jina lake. Ukipasua mbawala mdogo unakikuta nyuma ya mfupa wa kifua, kinyama cheupe, laini. Mbawala akizeeka, hukipati tena. Dokta alikiita timusi. Alisema chembe nyeupe za damu huingia humo zikiwa changa, hazijui kumtambua adui wala kumtofautisha na mwenyeji, na humo ndimo zinamofundishwa.

Mimi nilikuwa mwalimu wa katekisimu pia, kwa hiyo niliuliza, “Zinafundishwa kwa maneno gani?”

“Hakuna maneno. Kuna kitu ambacho kile kinyama kinakitoa, kama dawa. Kinayeyuka, chembe inakionja, inajua iende wapi na iwe nani. Jinsi inavyokuwa hasa, bado tunatafuta.”

Nikakumbuka siafu wa msituni, wanaofuatana kwa harufu tu. Ukipitisha kidole kwenye njia yao, wanazunguka wamepotea.

Basi dokta akanipa swali la kumuuliza kila mama mwenye mtoto mchanga: Je, ndugu wa kiume wa huyu mtoto wamewahi kufa wakiwa wachanga, kwa utando mweupe mdomoni, kwa kuhara kusikokoma, au kwa kidonda cha chanjo? Akisema ndiyo, usichanje. Chanjo ina uhai ndani yake. Mtoto ambaye chembe zake hazikufundishwa, itamla.

Tulifika Kibua asubuhi, tumelowa matope hadi magotini. Kijiji cha jirani kilikuwa kimeshapata ndui, ndiyo maana watu walikuja wengi, mstari ukazunguka kanisa. Mwindaji mmoja mwenye kifua kipana alikuwa akirudi nyuma kila zamu yake ilipokaribia, na wanawake wakamshika.

“Unauaka nguruwe ya pori, leo unaogopa kasindano!”

“Nguruwe hainiambiaka nitulie,” alijibu, na watu wakacheka hadi mstari ukavunjika.

Baada yake akaja mama mnene, mchangamfu, amebeba mtoto wa kiume wa miezi mitatu hivi. Nilimchanja mama kwanza. Kisha nikauliza swali la dokta.

“Batoto yangu yote iko wazima, Papa Muganga,” alisema. “Hata mumoja sijazika.”

Nikaandika. Nikachovya sindano kwenye chanjo, nikaushika mkono wa mtoto. Akalia. Mdomo ulipofunguka niliona utando mweupe kwenye ulimi na ndani ya mashavu. Watoto wengi huwa nao, nikajiambia. Nikainua macho kutafuta mwanga zaidi.

Mwishoni mwa mstari alisimama mwanamke mwembamba, mikono mitupu. Hakuwa na mtoto mgongoni wala kifuani. Lakini kitenge chake kilikuwa kinalowa mbele, pande zote mbili, na kadiri mtoto alivyozidi kulia, ndivyo doa lilivyozidi kupanuka. Alijifunika haraka kwa mikono.

Sindano ikabaki hewani.

Hapo nikakumbuka desturi niliyoijua tangu utoto. Hata kwetu milimani ipo. Mama aliyezika watoto mfululizo humlaza mchanga wake kwenye takataka chini ya migomba. Jirani anapita, anamuokota, anampa jina baya na kumwita wake, ili kifo kikija kumtafuta kisimkute. Kijiji kizima kinajua, wala hakuna anayesema. Na mimi, kwa kujivunia daftari langu, nilikuwa nimemuuliza aliyebeba tu.

“Mama,” nilimwita yule mwembamba, “wewe unanyonyesha nani?”

Alirudi hatua moja nyuma.

“Iko ananisaidia tu,” alisema haraka yule mnene.

Bibi kizee mmoja, ambaye baadaye nilijua ni nyanya wa mtoto, akapenya mbele. “Chanja, Papa. Ndui iko pale ng’ambo ya muto. Unataka atufie juu ya maulizo yako?”

Kama ningekosea kwa kumwacha, ndui ingemchukua. Kama ningekosea kwa kumchanja, ningekuwa nimemuua mimi. Niliwachukua hao wanawake watatu na mtoto hadi ukutani mwa kanisa, mbali na masikio ya watu.

Yule mwembamba alitazama chini. “Nikisema, kitasikia,” alinong’ona.

Hakukitaja kifo kwa jina. Nilikuwa na mahubiri tayari kuhusu imani na woga, ningeweza kumkemea. Nashukuru Mungu alinifunga mdomo. Niliomba kimya, na nilipofumbua macho nikaona mkeka wa maharagwe yaliyoanikwa.

“Usiseme kitu, Mama. Kwa kila mutoto uliyezika, weka haragwe moja mukononi mwangu.”

Aliinama kwenye mkeka. Kisha akaweka moja. Akaweka la pili. Akaweka la tatu.

“Wanaume?”

Akaitikia kwa kichwa. Halafu akachukua haragwe moja kutoka kiganjani mwangu, akaligandamiza kwenye mkono wake wa juu, pale pale tunapochanja.

Nikairudisha sindano.

Lakini shida haikuishia hapo. Mama mnene nilikuwa nimekwisha kumchanja, na siku chache baadaye mkono wake ungetoa malengelenge ambayo yangeweza kumwambukiza mtoto kwa kuguswa tu. Ilibidi mtoto arudi kwa mama yake, hadharani, na wakae peke yao wawili katika kibanda cha shamba, hawajachanjwa, mpaka vidonda vya chanjo vya kijiji kizima vikauke.

“Unakiita kifo kwa jina!” nyanya alinifokea.

Mama mnene alimtazama mtoto, kisha mwenzake. “Nilimuokota bure,” alisema. “Namurudisha bure. Kamata, dada.”

Tulichanja kila mtu mwingine Kibua, hata nyanya, ili ndui isipate pa kupita. Nilibaki kijijini hadi vidonda vikakauka, kila siku nikisikiliza habari za ng’ambo ya mto. Haikuvuka.

Nilipompeleka mtoto Masisi, picha ya kifua chake ilikuwa na uwazi ule ule juu ya moyo. Dokta hakuwa na dawa, wala hakutudanganya. Nilipomsimulia jinsi maziwa yalivyonionya, alitabasamu kidogo. “Hayo nayo huletwa na kitu kinachoyeyuka katika damu,” alisema. “Mtoto analia, mwili wa mama unajibu kabla yeye hajataka.”

Mtoto aliishi hadi mavuno yaliyofuata ya maharagwe, akafa kwa kikohozi. Niliambiwa mama yake alimwosha mwenyewe. Kwa desturi, angeoshwa na jirani aliyemuokota.

Tuliporudi Kibua miaka miwili baadaye, yule mama mwembamba ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye mstari, na binti mnene kifuani. Niliuliza swali langu. Alijibu kwa sauti, watu wote wakisikia, akiwataja watoto wake wanne wa kiume mmoja mmoja. Nikamfungua binti mdomo: ulikuwa mwekundu, safi. Dokta alikuwa ameniambia kwamba katika familia za namna hiyo ugonjwa huwashika wavulana, wasichana husalimika. Hata hivyo niliutazama mara ya pili.

“Huyu iko wangu,” alisema. “Chanja.”