Nani Atatangulia Mlangoni

Mwaka ule ukungu ulikawia mlimani kuliko desturi. Ulishuka asubuhi kutoka msitu wa juu, ukaingia jikoni kwetu bila kubisha hodi, na kuna nyakati tulizokaa mezani kucheza bila kuonana vizuri nyuso.

Mchezo tuliubuni wenyewe, likizo moja ya masika: kaka yangu, mimi, na binti wa shangazi ambaye nilimwita dada kwa kuwa alinizidi umri. Juu ya meza ya mbao za mkulo aliyoichonga baba tulimwaga majivu, na katika majivu dada akachora nchi: milima, mito, vijiji, njia za kwenda nyikani kutafuta chumvi. Yeye ndiye aliyekuwa Mwenye Nchi. Alitueleza tumefika wapi na nani amesimama mbele yetu. Sisi tulisema tunafanya nini, kisha vipande vya mwanzi uliopasuliwa vikarushwa kuamua kama tumeweza au tumeshindwa. Kaka alikuwa shujaa, punje ya hindi jekundu. Mimi nilikuwa punje ya haragwe jeusi, mganga wa ramli. Sikuwa na mkuki wala ngao. Nilikuwa na haki moja: kila tulipopiga kambi niliweza kuuliza swali moja, na Mwenye Nchi alilazimika kujibu kweli, hata kama kweli hiyo ingemharibia hadithi.

Mwanzoni niliuliza ovyo. "Tutashinda?" Dada akajibu, "Mtashinda, ila mtajuta," na tukajuta kweli. Nikajifunza. Usiulize kama chui yupo. Uliza amelala upande gani wa njia. Usiulize kama mlinzi ni mkali. Uliza anamwogopa nani. Baada ya hapo tulipita nchi ile kama maji yanavyopita kwenye mawe, na kaka akaanza kununa.

"Huyu hachezi, anapeleleza! Mkuki wangu umeota kutu. Sijachoma hata panya."

"Rusha mianzi, shujaa," dada akasema.

"Nirushe ya nini, na mchawi huyu keshajua kila kitu?"

"Mganga," nikamsahihisha. "Mchawi ni wewe unayetafuna wanajeshi wako."

Kweli alikuwa akitafuna mahindi. Mama, aliyekuwa akichambua mboga mlangoni, alisema bila kugeuka, "Mchungaji akipita akakuta ramli mezani kwangu, mtamweleza wenyewe." Tukacheka. Yalikuwa ni majivu tu.

Baba yake dada alikuwa mwenyekiti wa tawi la chama. Wageni kutoka wilayani walifikia kwao, gari lao likaegeshwa chini ya miti ya mikaratusi, na dada ndiye aliyewapelekea chai sebuleni. Machoni pao alikuwa msichana wa kubeba vikombe. Nani huacha kuzungumza kwa sababu ya vikombe? Siku moja, akiwa amekaa mbele ya majivu yake, alisema kwa sauti ya Mwenye Nchi: "Wajumbe wa mfalme wamefika kwa Mwamuzi. Wamesema watu wa mabegani mwa mlima washuke, wakae pamoja kando ya barabara." Kaka akauliza kama wajumbe hao wana silaha. Mimi sikuuliza kitu. Wiki iliyofuata tuliitwa uwanja wa shule, na mume wa shangazi, Mwamuzi wa majivuni, akasimama akasema maneno yaleyale, karibu kwa mpangilio uleule. Kutakuwa na bomba, zahanati, shamba la pamoja. Baba alipiga makofi, nami nikapiga kwa moyo wote. Tulilitaka bomba lile.

Lakini bibi yangu, mama yake baba, alikaa bega la juu kabisa, peke yake, katika msonge uliozungukwa na migomba, hatua chache kutoka kaburi la babu. Hakupiga makofi. "Maji nitakunywa ya mto," alimwambia baba. "Nimeyazoea, nayo yamenizoea."

Kuanzia hapo kila nilipokaa mezani nilikuwa na jambo moja moyoni: bibi atatolewa au hatatolewa?

Tulipopiga kambi tena, niliuliza. "Kizee anayekaa bega la juu, mahindi yakikomaa atakuwa wapi?"

Dada alitazama majivu. Mara nyingi tangu hapo nimejiuliza kama alijua nilichokuwa nikikifanya. Nadhani alijua. Aliyoyasikia sebuleni kwao hakuruhusiwa kuyasema popote, na nchi ile ya majivu ilikuwa mahali pekee pa kuyaweka.

"Hatakuwa juu," akasema.

"Atakuwa chini?"

"Swali ni moja."

Nilipanda kwa bibi siku ileile. Alikuwa akimenya viazi mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekuja kuniibia mume tena? Yule pale kaburini, mchukue, mimi nimechoka naye."

Nilimweleza yote, nikitegemea atanicheka. Hakucheka. Aliuliza Mwenye Nchi wetu ni nani, nikamjibu.

"Binti wa mkwe wangu," alisema polepole, na kisu kikaendelea kuzunguka kiazi. "Basi rudi ukamuulize jambo moja. Usimuulize siku. Siku hubadilishwa. Muulize nani atatangulia mlangoni."

Nilimuuliza. Mvua ilikuwa inapiga bati, na dada alijibu chini chini mpaka ikabidi niiname mezani nimsikie. "Mwamuzi mwenyewe. Wamemwambia aanze na watu wake, wengine wasije wakanung'unika." Halafu akaufuta mlima wote kwa kiganja.

"Wewe!" kaka akapiga kelele. "Mimi nilikuwa nimesimama hapo!"

Kwetu mkwe haingii anapolala mama mkwe. Wakikutana njiani, mmoja huacha njia. Na nyumba ya bibi ilikuwa chumba kimoja tu. Kuvuka kizingiti ni kufika kitandani. Nilipompelekea jibu, aliitikia kwa kichwa, akaniuliza kama nimekula.

Walikuja mchana, ukungu ukiwa umeshuka hadi kwenye migomba. Nilikuwa ndani. Bibi aliposikia nyayo aliweka kisu, akapanda kitandani, akajifunika shuka hadi kiunoni. Mume wa shangazi alisimama mbali, na kwa tundu la ukutani nilimwona ameelekeza uso bondeni, kama heshima inavyotaka. Nyuma yake walikuwapo mgambo na vijana wa tawi.

"Mwambieni mama tumekuja kumsaidia kubeba vitu."

"Mwambieni mkwe wangu aingie avichukue," bibi akajibu. "Viko chini ya kitanda nilicholalia."

Kijana mmoja alicheka, kisha akajikohoza. Mwingine akasogea mlangoni.

"Na huyo kijana mwambieni, akiingia ameingia kwa miguu ya aliyemtuma."

Yule kijana akasimama. Migomba ilidondosha maji. Nilimwona mume wa shangazi akivua kofia, akiitazama, akiivaa tena. "Rudini," akasema. Nyayo zikashuka, ukungu ukazimeza.

Mimi niliruka kwa furaha. Bibi alibaki kitandani, akisikiliza.

Kabla ya Jumapili dada hakuwapo tena. Walisema amepelekwa Muheza kwa baba yake mdogo, akasome huko, hatukuagana. Shangazi alipokuja kwetu hakuketi. Alimuuliza mama, akinitazama mimi, ni nani aliyemwambia mama yake kwamba mume wake ndiye angetangulia. Mama alichukua kitambaa, akaifuta meza mpaka mbao zikang'aa.

Nilimpelekea bibi habari. Aliposikia Muheza, mikono yake ilitulia.

"Basi sasa hatuoni," akasema.

Ndipo nilipoelewa. Tulikuwa tumeuliza atakayetangulia. Hatukuuliza atakayefuata, na sasa hapakuwa na wa kuulizwa. Baba alimsihi bibi ashuke, aje akae kwetu. Bibi alimsikiliza vizuri, akampa ndizi za kurudi nazo.

Nililala kwake siku zile. Kila sauti msituni ilimfanya ainue kichwa, naye hakuwa mtu wa kushtuka. Kitandani alipanda tena na tena, kwa mbuzi aliyepotea, kwa tawi lililoanguka.

Mahindi yalikuwa bado mabichi walipokuja. Walitoka kata nyingine, wanaume nisiowajua hata mmoja, wakiongea Kiswahili kitupu, hakuna Kishambaa. Hawakusimama kwenye migomba. Hapakuwa na mkwe kati yao, wala mjukuu, wala mtoto wa jirani. Yule wa mbele alikuwa kijana mwenye uso mpole, na alipofika mlangoni alivua kofia.

"Shikamoo, bibi."

Bibi alikuwa kitandani, amejifunika shuka. Alinitazama, kisha akamtazama yeye. Salamu ya adabu haiachwi bila kujibiwa.

"Marahaba," akasema.

Mlango ulikuwa mfupi. Kijana akainama, akaingia.