Fundi viatu wa Kalangalala na wabishi wake wa kikapu

Saa tatu asubuhi, Boaz Masele anachoma soli ya raba nyeusi kwa sindano ndefu, anavuta uzi, anachoma tena. Mwenye raba amesimama mbele yake. Mguu mmoja una kiatu, mwingine umevaa kandambili ya bluu ya kuazimwa. Anapiga kelele mpaka mishipa ya shingo imemtoka.

"Fainali sita, ubingwa mara sita! Jordan hajapoteza fainali hata moja. Huyo LeBron wenu kapoteza ngapi?"

Huyo ni Mageni, muuza nyama wa hapa mtaani. Anayemjibu ni Mwigulu, dereva wa bajaji, aliyekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Kapoteza kwa sababu alifika. Asiyefika fainali atapoteza nini? Na pointi je? Nani kafunga nyingi kuliko yeye tangu ligi yao ianze? Hakuna. Kaa chini, mzee."

"Nikae wapi, na ndoo umeikalia wewe?"

Watu wanacheka. Boaz hacheki. Anakata uzi kwa meno na kusema bila kuinua kichwa, "Nyie mnahesabu tu. Hakuna anayetazama miguu."

Hapa ni kibarazani mwa duka la mabomba na matangi ya maji, jirani na soko, kata ya Kalangalala, mjini Geita. Boaz, mwenye umri wa miaka 47, ameshona viatu hapa kwa miaka tisa. Leo ni Jumatano. Ijumaa anatakiwa ampe mwenye duka jibu moja kati ya mawili: abaki bila ubishi, au aondoke na watu wake.

Ubishi wenyewe una sheria moja. Anayetaka kusema lazima kwanza avue kiatu na kumkabidhi Boaz akishone. Asiye na kiatu cha kushonwa anasikiliza.

Boaz anasema sheria hiyo aliiweka mwaka wa kwanza, baada ya wanaume wawili wazima kushikana mashati kwa sababu ya Kobe, mchezaji mwingine wa Marekani. "Mtu wa kiatu kimoja hapigani," anasema. "Wala haondoki kwa hasira. Ataenda wapi na kandambili yangu?"

Sheria hiyo ndiyo inayomlisha. Kushona kisigino ni shilingi 2,000, soli nzima 5,000. Siku yenye ubishi mkali hupata jozi ishirini na zaidi. Kuna watu ambao viatu vyao vimeshonwa mpaka hakuna pa kushona tena, lakini bado wanavileta kwa sababu wana neno la kusema.

"Mageni hiyo raba nimeishona mara kumi na nne," anasema. "Haina ugonjwa. Mgonjwa ni yeye."

Boaz alizaliwa kijiji kimoja karibu na Kolandoto, mkoani Shinyanga. Aliacha shule darasa la sita. Mwaka 1996 alikuja Geita kuchimba dhahabu, akashuka kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, na kukaa huko miaka kumi na moja. Ufundi aliuanzia hukohuko, akiziba mabuti ya wenzake kwa vipande vya mpira wa tairi.

Kikapu nacho alikikuta kambini kwa wachimbaji. Mwenye banda la video alikwenda Mwanza akanunua shehena ya kanda bila kuzitazama, akidhani zote ni za mapigano. Tatu zilikuwa za mpira wa kikapu wa Marekani. Mvua zikaja, barabara ikakatika, na kambi nzima ikabaki na kanda hizo tatu.

Moja ilikuwa mchezo wa kwanza wa fainali ya mwaka 1995, Houston na Orlando. Mchezaji mmoja wa Orlando alikosa mitupo huru minne mfululizo, Houston wakasawazisha, na katika dakika za nyongeza Hakeem Olajuwon, Mnigeria, akamalizia kazi.

"Tuliutazama mchezo ule labda mara hamsini," anasema Boaz. "Kila usiku yule bwana wa Orlando akienda kutupa, banda zima tunamwombea. Safari hii atapata! Anakosa. Kuna mtu alimwekea dau Orlando, mkanda uleule, eti leo amemwona kaamka vizuri."

Tangu hapo msimamo wake haujabadilika. Kwake mchezaji bora wa wakati wote ni Hakeem, na sababu yake ni ya fundi viatu. "Yule alikuwa golikipa wa mpira wa miguu kwao Lagos. Kikapu kakianza mkubwa. Mtazame anavyogeuka. Mtu mrefu vile, kisigino hakiburuzi. Jordan anaruka, sawa. LeBron ana nguvu, sawa. Lakini kiatu cha Hakeem kingeletwa kwangu, ningekirudisha bila kukigusa."

Anakubali kwamba hajawahi kumshinda mtu kwa hoja hiyo.

Balaa lilianza mwezi wa saba. Mageni na Mwigulu walikuwa wamechoshana, kila mmoja akitaka jambo limalizike. Mwigulu akatoa wazo: tuamue kama ngoma.

Katika ngoma za mashindano za Wasukuma, Wagika na Wagalu hucheza kwa wakati mmoja, kila kundi upande wake, na watazamaji wako huru kuhama. Anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Mbinu ya kuwavuta ni juu yako.

"Kosa ni langu," anasema Boaz. "Ningesema hapana pale pale. Lakini Msukuma ukimtajia ngoma, akili inasimama. Nikasema sawa, Jumamosi."

Jumamosi ikafika. Mageni alisimama kushoto mwa duka kumtetea Jordan, Mwigulu kulia kumtetea LeBron. Nusu saa ya kwanza ilikwenda kwa hoja tupu, na watu waligawanyika sawa. Kisha Mageni akawasha mkaa na kuanza kugawa nyama ya mbuzi bure.

Upande wa Mwigulu ukabaki na watu watatu. Mwigulu akapiga simu. Baada ya muda mfupi bajaji ikafika na mjomba wake, mcheza ngoma za nyoka, akiwa na chatu shingoni.

"Kuanzia saa kumi hapakuwa na mtu aliyemtaja Jordan wala LeBron," anakumbuka Boaz. "Barabara imefunga. Watu wapo juu ya mapaa. Mimi nimekaa na viatu tisa, sijui cha nani ni kipi."

Mjomba akamweka chatu chini ili akaze kamba ya ngoma. Chatu akaona mlango uko wazi, akaingia dukani, akajisukuma ndani ya tangi jeusi la lita elfu moja lililolazwa kwa maonyesho.

Mwenye duka ni Mehjabin Fazal, aliyerithi biashara kwa baba yake. Anasimulia bila tabasamu.

"Saa mbili nzima tumesimama juu ya kaunta, mimi na msichana wangu wa dukani, Juliana, mpaka yule mjomba alipomtoa nyoka wake. Wateja wamekimbia. Nje watu wanashangilia, wanadhani ni sehemu ya mchezo. Kaka Boaz ni mtu mwema, baba alimpenda. Lakini mimi nauza mabomba. Mteja akija akakuta watu thelathini mlangoni wanapigiana kelele, anapita zake. Nimemwambia: kibaraza chako, kaa mpaka uzeeke. Ubishi, basi."

Alimpa mwezi mmoja wa kufikiri.

Boaz alijaribu. Kwa siku chache alitundika kibao kilichoandikwa KIMYA. Watu walikuja, wakaacha viatu, wakaenda kusubiri kwingine. Jozi zilishuka hadi saba au nane kwa siku.

"Siku ya tatu nikajikuta nabishana na redio," anasema. "Siku ya tano nikakitoa kibao. Nikasema nitatumia siku zilizobaki kutafuta pa kwenda."

Alikwenda ofisi ya kata mara tatu. Alichoomba kiliwashangaza: sehemu ya kuweka meza kando ya uwanja wa kikapu wa mtaa, mwendo wa dakika kumi na tano kutoka sokoni. Sakafu yake ya saruji imepasuka, na goli moja halina ubao. Ofisa mmoja alimuuliza nani atabeba kiatu kibovu mpaka kule. Boaz akamjibu kwamba mwenye neno atakibeba. Jumatatu wiki hii alipewa barua ya ruhusa.

Swali la ofisa ni la kweli, na Boaz analijua. Sokoni wanapita watu wote. Uwanjani wanapita wachache. Mwigulu ameahidi kuwabeba wabishi kwa bajaji yake. Mageni amekataa.

"Mimi nikae uwanjani, nyama yangu itauzwa na nani? Na Jordan?" anasema Mageni, kisha anashusha sauti. "Tutaona. Jumapili labda."

Nyumbani vyumba ni viwili vya kupanga, na watoto wawili wapo sekondari. Mkewe, Apolonia, anauza dagaa anaowafuata mwenyewe Nkome, ziwani. Mazungumzo yao juu ya jambo hili anayasimulia kwa kifupi.

"Nikamwuliza, Baba Neema, hao Wamarekani wako kuna hata mmoja anayejua Kalangalala iko wapi? Akasema hakuna. Nikamwuliza, tukilala njaa watachanga? Akasema hawatachanga. Nikasema haya, angalau hunidanganyi. Dagaa wangu watatulisha miezi mitatu. Mwezi wa nne ukifika hakuna kitu, urudi kwa Mehjabin ukashone kimya kama mafundi wengine."

"Na yeye akasema nini?"

"Akasema mitatu inatosha. Mtu mkaidi yule. Nilimjua hivyo nikaolewa naye hivyohivyo."

Mbona asikubali tu kunyamaza? Kibaraza kina kivuli, mvua haiingii, na wateja saba kwa siku ni wateja. Boaz anaweka sindano chini kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Nimekaa duarani miaka kumi na moja," anasema. "Kule chini huongei. Unatunza pumzi. Unagonga mwamba, unasikia mwenzako anagonga, basi. Nilipopanda juu mara ya mwisho nilijiambia sitafanya tena kazi ya kunyamaza. Kushona naweza kushona popote. Kunyamaza siwezi."

Ijumaa, kabla ya saa nne, anavuka kizingiti cha duka na kusimama mbele ya kaunta.

"Dada Mehjabin, naondoka."

"Umefikiri vizuri, kaka? Hapa nikimpa mtu mwingine, simwondoi."

"Nimefikiri. Mpe."

"Haya. Mungu akutangulie."

Hakuna zaidi. Boaz anapakia meza, ndoo, mfuko wa soli na makopo ya gundi kwenye guta, na kulisukuma mwenyewe kupanda mlima mpaka uwanjani. Jasho limemlowesha shati lote anapofika.

Uwanjani kuna wanawake sita wanafanya mazoezi. Ni timu ya mtaa: muuguzi, wauza mboga wawili, mwalimu wa chekechea na mama lishe, na anayewaongoza ni Serafina, mshona nguo mwenye umri wa miaka 29. Serafina anapokea mpira, anamzunguka mwalimu, anatupa. Mpira unagonga ringi, unazunguka, unaingia.

Boaz ameacha kushusha mizigo. Mikono iko kiunoni.

"Shikamoo, mzee," anasema Serafina akiufuata mpira. "Wewe ndiye wa viatu? Tumeambiwa unakuja. Tumeambiwa pia una kelele."

"Marahaba. Kelele ni za wenzangu. Umejifunza wapi kutupa hivyo?"

"Hapahapa. Na nikikosa hunicheki?"

"Nitakucheka sana."

Mipango yake ni ya karibu. Kesho atachanganya saruji na Mwigulu wazibe mpasuko ulio chini ya goli. Wiki ijayo atatafuta ubao wa goli la pili kwa fundi seremala anayemfahamu. Jumamosi inayofuata, saa tisa mchana, ubishi utaanza, awe na wabishi thelathini au wawili.

Hoja ya siku hiyo ameshaichagua, na haina Jordan, LeBron wala Hakeem wake: nani mchezaji bora wa kikapu Kalangalala.

"Miaka tisa tumegombana juu ya watu ambao hata tukipasuka koo hawatusikii," anasema, na kuanza kupanga makopo ya gundi ukingoni mwa uwanja. "Sasa nataka mtu nikimwambia wewe si bora, ausimamishe mpira, aje hapa kwenye meza anibishie."