Mbwa wa Nyuma ya Tawi

Harufu ya mbwa aliyelowa mvua mimi hainisumbui. Wajukuu zangu huziba pua, mimi napita katikati yao na sufuria la uji. Inayonisumbua ni harufu ya dawa ya josho. Nikipita mahali wanapoogesha ng'ombe, hata kwa uzee huu, mkono wangu wa kushoto huanza kuuma. Mkono huo umepinda chini ya kiwiko, watu wote wa hapa Dongobesh wanaujua, na wengi hudhani nilianguka mtini nilipokuwa mtoto. Sikuanguka. Mwenye kovu usidhani amepoa. Nitaeleza ulivyopinda, maana watu huniuliza kwa nini mwanamke mzee, mkulima wa mahindi na maharage, anajaza boma lake mbwa ambao wenye nao wanataka kuwaua, anawalisha, halafu anawatafutia watu wa kukaa nao. Wengine wanasema nimerogwa. Shule niliishia darasa la pili, kupamba maneno sijui. Nitasema kama nilivyoona.

Tulikuwa Tumati, mwaka wa mvua nyingi. Mahindi yalikuwa bado ya magotini mdogo wangu aliyekuwa ananyonya alipokufa kwa homa, na nyumba yetu ikaingia metimani. Vijana wa leo wengi hawaijui. Kwetu Wairaqw, nyumba iliyofiwa namna ile ilitengwa. Huendi kwa jirani kuomba moto, huteki maji pamoja na wenzako, ng'ombe wako hawachanganyiki na wa mtu. Na mtu akiingia kwako, amebeba yaliyo yako; anakaa humo humo mpaka wazee waje kuwatoa wote. Haikuwa chuki. Majirani waliweka unga na chumvi njiani, wakaita, wakaondoka. Baba alikuwa kibarua kwenye mashamba ya ngano kule Hanang, na kwa kuwa hakuwapo mtoto alipokufa, alipelekewa habari abaki huko. Tukabaki mama na mimi, na mbwa wangu Waseme, mwekundu, sikio moja limeliwa na fisi. Mama alilaza tawi la mti kwenye njia ya kuingilia ili mgeni asijisahau. Tawi lenyewe hata mwanambuzi angeliruka. Mtu hakuliruka.

Ndipo mbwa mwenye kichaa akapita. Alitoka upande wa msitu, anayumba, ute unaning'inia, akamkuta Safari machungani. Safari alikuwa mtoto wa shangazi yangu, na siku ile alikuwa anachunga ng'ombe wa baba mdogo Bura. Mbwa alimrukia usoni, akamchana shavu mpaka meno yakaonekana kwa nje. Walimpaka majani, jeraha likakauka, watu wakasema amepona. Baada ya wiki kadhaa akaanza kuogopa maji. Ukimpelekea kikombe, koo linakaza, anakirusha ukutani, anapiga kelele ambazo tulizisikia hata sisi wa ng'ambo ya bonde. Walimfunga kwenye machela, wakampeleka hospitali ya Haydom, lakini ugonjwa ule ukishafika hapo daktari hana cha kukupa. Alirudi maiti. Nyumba ya shangazi nayo ikatengwa. Baba mdogo Bura alisimama mbali siku ya kuzika, mikono mgongoni. Kumkumbatia dada yake hakuweza, maana angebeba yale, na ng'ombe wake wangekosa mahali pa kunywa. Akameza kilio chake. Kilio kikimezwa hakiozi tumboni, kinatafuta mahali pa kutokea.

Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa mgambo. Ikatoka amri kwamba mbwa wote wa kijiji wauawe, na kila mwenye mbwa amlete mwenyewe pale josho. Boma letu lilikuwa juu ya josho, niliona yote. Mbwa hawezi kukamatwa na mgeni, kwa hiyo waliamuru kila mtu amwite wa kwake kwa jina. Mtu anaita, mbwa anakuja mbio, mkia unacheza, anafikiri ameitiwa mfupa, anapigwa rungu katikati ya macho. Wengine hawakufa kwa pigo la kwanza. Walizunguka zunguka, wakarudi miguuni kwa yule yule mwenyewe kutafuta kinga, wakapigwa tena. Mzee mmoja alimshika wake masikio huku mwenzake anachoma mkuki, na mkuki ukapita ukamkata mzee paja. Waliwatupa kwenye korongo, wakawamwagia dawa ya josho ili wasinuke. Walinuka tu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, husema watu, na mimi nikiwa kule juu nilijifunza kwamba si kwa nguruwe tu.

Siku zilizofuata mama alikuta mbwa wamefungwa kwenye tawi letu. Watu walikuwa wanawaficha kwenye ghala na kwenye mahindi, kisha wanatafuta mahali ambapo mgambo hawatii mguu, na mahali hapo palikuwa kwetu tu, maana kwa shangazi mbwa ndiye aliyeleta msiba. Mwenye mbwa hakuingia. Alifunga kamba kwenye tawi, akakohoa ili tusikie, akaondoka bila kugeuka. Mama hakuwa mpenda mbwa. Alisema, "Na hawa nao wamefiwa," akachukua kamba. Bwana mifugo, kijana aliyeletwa kutoka Upare, alisimama kule njiani, akamwamkia mama shikamoo kwa mbali, akamfundisha kwa sauti kubwa kama mtu anayehubiri. Kila mbwa na kigingi chake, mmoja asimfikie mwenzake, na waangaliwe wanavyokunywa maji, kwa sababu wa kichaa anajulikana hapo. Chanjo ilikuwa imeagizwa Mbulu, ila barabara ilikuwa imekatika kwa mvua. Alimwomba mama awatunze mpaka ifike. Mama akamwambia atawatunza mpaka unga uishe. Uani petu pakawa vigingi vitupu, kama mtu anayejenga nyumba ya vichaa.

Baba mdogo Bura akaja asubuhi, mama anatwanga. Nyuma yake mgambo na marungu yao. Wale wengine walifika kwenye tawi wakasimama kama waliofika ukingoni mwa mto. Yeye alisimama pia. Alimwambia mama awatoe mbwa mmoja mmoja mpaka njiani. Mama aliendelea kutwanga.

"Shemeji," akasema, "ukivuka hilo tawi, umehamia kwangu."

Akavuka. Nilimwona uso wake, haukuwa wa mtu aliyefikiri. Mbwa wa kwanza alikuwa jike la kahawia, lililala chali kumwonyesha tumbo, akalipiga fuvu likazama. Wa pili alijaribu kukimbia, kamba ikamrudisha, akapigwa mgongo ukakatika, akabaki anajivuta kwa miguu ya mbele mpaka pigo la pili. Damu ilinirukia gauni. Baba mdogo alikuwa analia na kupiga, kila pigo anasema Safari, Safari, kama anayehesabu. Alipofika kwa Waseme nilikuwa nimeshamlalia. Sikufikiri nafanya nini. Nilisikia mfupa wangu kabla ya kusikia maumivu, ukakatika kama muhindi mkavu. Hapo mama akaja na mchi. Alimpiga nyuma ya magoti, akaanguka kifudifudi katikati ya mbwa, na Waseme, aliyekuwa chini yangu, akachomoka akamshika kiganja cha mkono wa rungu, meno yakatokea upande wa pili. Hakuachia mpaka mama alipompiga na yeye.

Nadhani hapo ndipo baba mdogo alipoona alipo. Aliinuka, damu inachuruzika vidoleni, akaelekea kwenye tawi kutoka. Wenzake walewale aliokuja nao wakanyanyua marungu. Mmoja akamwambia kwa upole, "Bura, baki huko. Ng'ombe wako tutakunyweshea." Akasimama pale. Mama akaokota mchi wake, akaufuta.

"Karibu, shemeji. Kitanda cha mgeni sina. Utalala na hao uliowafuata."

Mkono wangu mama aliufunga kwa vijiti na kitambaa cha kanga, ndiyo maana umepona ukiwa umepinda. Mkono wa baba mdogo aliuosha kwa maji na sabuni mpaka akapiga kelele, kama bwana mifugo alivyoelekeza kutoka njiani. Kwenda Haydom kuchomwa sindano hakukuwezekana, barabara ilikuwa mto. Kisha bwana mifugo akasema jambo ambalo sijalisahau. Alimwambia baba mdogo kwamba mbwa yule aliyemuuma asiguswe. Kama ana kichaa, atakufa mwenyewe kabla wiki ya pili haijaisha, na hapo mtu naye ajiandae. Akivuka hapo akiwa mzima anakunywa maji, basi meno yake hayakuwa na ugonjwa. Kwa maneno mengine, uhai wa Waseme ndio uliokuwa uhai wake.

Mtu yule aliyekuja kuua akageuka kuwa mlinzi. Kila kulipokucha alichukua bakuli, akachuchumaa mbele ya Waseme, mkono wake umevimba kama mhogo, akaweka maji, akangoja. Waseme naye alikuwa na kinyongo. Alimtazama, akageuza kichwa. Baba mdogo anabaki pale pale jua linapanda, midomo imemkauka, kwa sababu na yeye hakunywa mpaka mbwa anywe. Nilimwona anamwomba. Mwanamume aliyeongoza mgambo, anasema taratibu, "Kunywa, mzee. Kunywa, baba." Waseme akishusha ulimi, baba mdogo anapumua, anakwenda kwenye mtungi, analijaribu koo lake kwa kikombe, na ndipo nasi tunapata hamu ya kula. Sitasema nilimhurumia upesi. Mkono uliniuma, na majike mawili tuliyoyazika nyuma ya ghala nilikuwa nayajua kwa majina. Hasira hasara, lakini hasara yenyewe ilikuwa yangu.

Katika siku hizo mbwa mmoja wa mwisho wa safu, dume jeusi, alikataa maji. Alianza kuguguna kigingi chake mpaka meno yakavunjika, sauti ikabadilika, ikawa kama ya mtu anayeita kutoka kisimani. Mama alimtazama baba mdogo. Baba mdogo akachukua mkuki, akamaliza mara moja, bila kelele, bila jina la mtu. Akamchimbia shimo refu peke yake kwa mkono mmoja. Aliporudi alikaa karibu nami na kusema kwamba Safari naye alitoa sauti ile. Aliweka kichwa kwenye magoti, akalia kilio alichokimeza siku ya mazishi, na Waseme, kamba imemruhusu, akasogea akanusa bandeji ya mkono wake. Hakumlamba. Mkono mtupu haulambwi, na ule haukuwa mtupu tu, ulikuwa na deni.

Waseme alivuka wiki ya pili, baba mdogo akavuka naye. Chanjo ikaja barabara ilipokauka, wazee wakaja kututoa, mama akalivuta tawi akalichoma. Lakini wenye mbwa wengi walikataa kuwachukua, wakiogopa mahali walipokuwa wamelala. Mgambo wakaanza tena kuyatazama marungu yao. Baba mdogo ndiye aliyewachukua, kamba zote mkononi, akashuka nao kwa miguu mpaka Hanang, kwa wafugaji wanaosumbuliwa na fisi. Hakumwachia mtu mbwa na kuondoka. Alimwambia mwenye boma akae naye kwanza, ampe maji, amwone anakunywa. Aliyesema ana haraka alinyimwa. Watu walimcheka wakamwita Bura wa Mbwa, na aliendelea na kazi hiyo mpaka alipozeeka, kila kijiji kilipotoa amri. Aliposhindwa kutembea alinikabidhi kamba. Hakuniomba radhi ya mkono kwa maneno hata siku moja. Ila kila msimu wa kulima alikuja kunilimia.

Siku hizi mambo ni mepesi, sikatai. Chanjo inakuja hadi kwenye uwanja wa shule, bure, watoto wanapanga foleni na mbwa wao. Mjukuu wangu anampiga mbwa picha kwa simu, anaisambaza, kesho yake muuguzi kutoka Haydom anafika kumchukua mbwa, na ananikuta na sheria ile ile ya kukaa kwanza. Mbwa hawaitwi tena kwa majina kwenda kupigwa rungu. Wanategewa nyama yenye sumu usiku, na asubuhi hakuna aliyefanya. Metimani imebaki hadithi ya wazee, kanisani walisema tuiache, tukaiacha. Mimi nina geti la bati na kufuli la Kichina.

Juzi alikuja mtu na pikipiki, jike limefungwa kwa nyuma na mpira wa kubebea mizigo, jicho limetoka kwa jiwe. Alisema limekula kuku wake, nilichukue au analimalizia korongoni. Kijana mwenye heshima, alinipa shikamoo vizuri. Nikamfungulia geti nikamwambia aingie, akae kidogo, anywe hata chai. Akasema ana abiria anamsubiri sokoni. Aliniwekea kamba mkononi juu ya geti, akawasha pikipiki, akaenda. Nilisimama nikisikiliza mlio wake mpaka ukaishia mteremkoni. Zamani aliyevuka kuja kuua alibaki na alichokipiga, akakitazama machoni kila kukicha. Siku hizi anageuza.

Nikajaza bakuli, nikachuchumaa, magoti yakalia. Jike likanitazama kwa lile jicho lililobaki, likageuza kichwa. Nikangoja.